Pengo la Ua wa Kayaba

Methali isemayo kwamba akili nyingi huondoa maarifa huwaudhi sana watu waliosoma. Hudhani inawasimanga. Lakini methali hiyo haisemi kwamba akili ni mbaya. Husema kwamba mtu mwepesi wa kupata sababu ya kila jambo hufika mahali akaacha kuuliza, na asiyeuliza anaweza kukiondoa kwa mikono yake mwenyewe kile kitu kilichokuwa kikimlinda. Watu wa bonde lililo chini ya Londiani hawahitaji kuelezwa hayo kwa kirefu. Wao huelekeza kidole tu kwenye shamba la Chelimo.

Chelimo alikuwa binti wa Mzee Kimeli, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye diploma ya kilimo na ulimi usiojua kupumzika. Alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka kumi. Kutoka huko alikwenda chuoni, na kutoka chuoni akaajiriwa katika duka la pembejeo mjini Bomet. Kwa miaka minane aliwauzia wakulima mbegu na dawa, na kila mteja aliyeingia na jani lililojikunja alipewa jibu kabla jani halijawekwa mezani. Mara nyingi jibu lenyewe lilikuwa sahihi, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Mwaka wa kisa hiki aliacha kazi akarudi nyumbani. Alitaka ardhi ya kulima nyanya. Hakutaka ya kukodi wala ya kuazimwa. Alitaka kipande ambacho akisimama juu yake hakuna mtu wa kumuuliza amekuja lini na ataondoka lini. Katika ukoo wao hakuna binti aliyewahi kugawiwa shamba, na ndugu yake wa pekee, Aron, alikuwa tayari na mipango ya kupanda mikaratusi katika lile eneo la bondeni alilokuwa akililima mama yao, marehemu Rebeccah. Eneo hilo lilikuwa robo tatu ya ekari, kando ya kijito, na tangu mama afariki miaka saba iliyopita lilikuwa malisho ya ng'ombe tu.

Mzee Kimeli alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa ametumia maisha yake yote kazini katika kiwanda cha chai upande wa Kericho, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na alipostaafu aliwakuta watoto wake wakubwa kuliko alivyowaacha. Aliwaita wote wawili, akawapa chai, akangoja wamalize vikombe.

"Chelimo, chukua hiyo shamba ya mama yako mpaka Pasaka," alisema. "Kila mahali utavuna nyanya, hapo ni pako, nitaita sorveya aweke alama na jina lako liandikwe. Mahali itakushinda, Aron atapanda miti yake. Na mimi sitasema neno hapo katikati, isije ikasemekana nimependelea mtu."

"Mimi sina shida, baba," alisema Aron. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa nyumbani tangu utotoni, mtu mpole, mwenye mazoea ya kuangalia mbingu kabla ya kujibu swali lolote.

Chelimo alicheka. "Baba, huyo sorveya mwambie mapema asije akapata kazi kwingine."

Hakuwa amekurupuka. Alikuwa na mpango, na kwenye karatasi mpango wenyewe ulipendeza. Wakulima wa bonde lile walipanda nyanya mwezi wa tatu, mvua zikianza, na wote wakavuna kwa pamoja wakati nyanya zimejaa sokoni hata mbuzi wanazikataa. Januari na Februari, jua likiwaka na nyanya zikiadimika kutoka Londiani hadi Kapkatet, mashamba ya bondeni yalikuwa nyasi tupu. Chelimo alijiuliza kwa nini. Swali hilo halikumaliza hata dakika kichwani mwake kabla ya kupata jibu: uvivu wa kubeba maji. Yeye angenunua pampu ndogo, avute maji kijitoni, ahamishe miche yake Novemba, na mwisho wa Februari awe peke yake sokoni.

Kwa hivyo mwezi wa Oktoba alitengeneza kitalu, na akamtafuta mtu wa kumsaidia kulima. Alimpata Kemuma, mwanamke wa makamo kutoka Nyamira aliyehamia bondeni na mumewe zamani, hodari wa jembe na asiyeona haya kuuliza. Kemuma alimwita Chelimo "madam," kwa heshima ya ile diploma.

Shamba lile lilizungukwa na ua wa kayaba, mnene, wenye miiba ya kumtoa mtu machozi. Rebeccah ndiye aliyeupanda. Lakini upande wa chini kabisa, unaotazamana na kijito, ua ulikuwa na pengo pana kiasi cha lori kupita. Hapakuwa na lango wala kigingi. Mashina ya kayaba yaliyokuwepo hapo yalikuwa yamekatwa karibu na ardhi, na makovu yao yalionyesha kwamba yalikatwa mara nyingi, mwaka baada ya mwaka.

"Madam, hapa ilikuwa barabara?" aliuliza Kemuma.

"Barabara ya kwenda wapi? Huko ni mto."

"Sasa mbona iliachwa wazi?"

Chelimo hakuchelewa. "Mama alikuwa mgonjwa miaka ya mwisho. Alianza kutengeneza ua, hakumaliza."

Sababu ilikuwa nzuri na ya kuhuzunisha kidogo, kwa hiyo Kemuma aliitikia kwa kichwa akaendelea kulima. Wakati huo alikuwa amewasha moto wa magugu katikati ya shamba, na kwa kuwa ilikuwa asubuhi na mapema moshi haukupanda juu. Ulitambaa chini kwa chini, ukafika kwenye pengo, ukatoka taratibu kuelekea mtoni.

"Madam, angalia moshi. Unatoka kama mtu anajua njia."

"Moshi hauna akili, Kemuma. Unafuata upepo."

Chelimo mwenyewe alikwenda kusimama pengoni. Alitazama kijito, na baridi ya asubuhi ikampiga mgongoni, kali, ikapenya sweta. Alikunja uso. Hapo ndipo baridi inapoingilia, aliamua. Hakugeuka kuuliza mgongo wake ulikuwa umeelekea wapi. Jioni ile alikwenda mjini akanunua nailoni nzito na misumari, na kesho yake yeye na Kemuma wakasimika miti na kulifunga pengo lote, kutoka kayaba ya huku hadi kayaba ya kule, urefu wa mtu mzima. Chini walijaza matawi na udongo ili pasipite hata panya.

Aron alipita na ng'ombe wakati msumari wa mwisho unapigwa. Alisimama. Alitazama mbingu, akatazama nailoni.

"Chelimo, hiyo mahali mama aliacha wazi."

"Mama hakuwa na nailoni."

"Si hivyo. Unajua ile baridi ya Januari, ile nyeupe..."

"Aron!" Chelimo alishuka kwenye kiti alichosimamia akajishika kiuno. "Ni nani anangoja nishindwe ili apande miti? Ni wewe. Sasa unataka nikusikize wewe? Nikitaka shauri lako nitakuita."

Aron aliumia moyoni. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kugombana, na alipoona maneno yake yamegeuzwa kuwa njama alimeza mengine yote aliyokuwa nayo. Akapiga mluzi, ng'ombe wakamfuata. Kemuma alibaki ameshika nyundo.

"Madam, si tungesikia alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anataka kunitia hofu ya frosti. Frosti nimeisoma, Kemuma. Inataka hewa ishuke hadi sufuri." Alitoa simu, akaigusa mara mbili. "Ona. Londiani, usiku wa baridi kabisa Januari iliyopita, digrii saba. Saba na sufuri ni ndugu?"

Kemuma alikiri kwamba si ndugu. Hakuna kati yao aliyefikiria kwamba simu ilikuwa ikisema habari za mjini, kule juu mlimani, na kwamba kati ya mjini na kijito kuna mteremko unaochosha hata punda.

Miche elfu sita ilihamishwa katikati ya Novemba. Mvua za mwisho ziliipokea vizuri, kisha jua likashika, na pampu ikaanza kazi. Kusema kweli, hapajawahi kuonekana nyanya za namna ile bondeni. Kufikia Krismasi zilikuwa zimefungwa kwenye vijiti, mashina manene, majani ya kijani kibichi, maua ya manjano kila mahali. Baada ya mwaka mpya matunda yakaanza kunenepa. Watu wa kanisani walisimama juu barabarani wakitazama chini, na Chelimo, ambaye alijua wanatazama, alitafuta kazi ya kufanya katikati ya shamba ili wamwone. Alifurahi. Jioni alitembea kando ya ua akigusa kayaba kwa kijiti na kujiambia kwamba mpaka wa shamba lake utapita hapa, na hapa, na hapa. Hata mahali pa kujenga nyumba alikuwa ameshapachagua, pembeni kule juu.

Mzee Kimeli alikuja mara moja tu. Alizunguka shamba, akasimama kwa muda mrefu mbele ya nailoni, akaondoka bila kusema neno, kama alivyoahidi. Iwapo alijua maana ya lile pengo, au alikuwa tu akistaajabia ubora wa nailoni, hakuna aliyemuuliza.

Katikati ya Januari mbingu ilikauka. Mawingu yaliisha kabisa, mchana jua likachoma ngozi, jioni nyota zikatokea mapema na kung'aa kupita kiasi. Jumamosi moja, jua likikaribia kuzama, mtamba mmoja wa Aron alichoka na nyasi kavu za mtoni. Aliona kijani nyuma ya nailoni, na kwa kuwa hakuwa na elimu ya kumchelewesha, aliinamisha kichwa akapita. Nailoni ilipasuka, mti mmoja ukaanguka, matawi na udongo vikatawanyika. Tundu lililobaki lilikuwa na upana wa ng'ombe na nafasi kidogo ya kugeuka.

Kelele za Chelimo zilisikika hadi kwa majirani. Mtamba alitolewa akiwa na shina moja la nyanya mdomoni. Aron aliomba radhi, akaomba pia nyundo arekebishe.

"Wacha! Usiguse kitu yangu!" Chelimo alitweta. "Nitatengeneza mwenyewe Jumatatu."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na katika boma la Kimeli Jumapili haikuwa siku ya kushika nyundo. Walikwenda kanisani, wakarudi, wakala, wakalala mapema kwa sababu baridi ilikuwa imeanza kuuma.

Jumatatu alfajiri Chelimo aliteremka bondeni na misumari mfukoni. Alipofika nusu ya mteremko alihisi baridi imembadilikia, kana kwamba ameingia mtoni kwa miguu, kisha kwa magoti, kisha kwa kiuno. Nyasi zilivunjika chini ya viatu vyake kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye ua na kutazama ndani, shamba lilikuwa jeupe. Kila jani, kila kijiti, kila nyanya ilikuwa imevaa unga mweupe, na jua lilipopanda unga huo ukang'aa vizuri sana, ukawa mrembo kiasi cha kumtia mtu hasira.

Saa nne hivi weupe ulikuwa umeyeyuka. Majani yaliyobaki chini yake yalikuwa meusi, yamelegea kama sukuma wiki iliyochemshwa ikasahauliwa motoni. Matunda yalikuwa ya kioo. Ukiyabonyeza, yanatoa maji. Chelimo alipita mstari baada ya mstari akigusa na kuachilia. Kemuma alimfuata nyuma, mkono mdomoni.

Kisha Kemuma akasimama. "Madam. Njoo uone huku."

Lilikuwapo eneo lililobaki zima. Ulikuwa ni ukanda mwembamba, mistari minne tu, kutoka juu ya shamba ukishuka moja kwa moja hadi kwenye tundu la mtamba. Ndani ya ukanda huo nyanya zilikuwa kijani, zimesimama, kana kwamba hazikupata habari ya yaliyotokea kwa majirani. Nje yake, kulia na kushoto, kila kitu kilikuwa kimekufa. Mtu angeweza kuufuata kwa kidole, kama mtu anavyofuata njia ya maji yaliyopita kwenye vumbi.

Hata mtu asiye na diploma angeelewa. Chelimo, mwenye nayo, alielewa mara moja. Aliketi kwenye tuta akalia. Hakulilia nyanya. Alililia shamba, ile mipaka aliyokuwa akiigusa kwa kijiti kila jioni, na nyumba iliyokuwa haijajengwa. Alilia pia kwa aibu, na aibu ndiyo iliyouma zaidi.

Aron alikuja. Wengi wangetarajia acheke, maana mikaratusi yake sasa ilikuwa imepata mahali, lakini alikaa kwenye tuta la pili, akang'oa jani jeusi, akalizungusha vidoleni.

"Baridi inateremka kama maji," alisema. "Usiku inatoka huko juu, inakuja hapa chini, inatafuta mahali pa kutokea. Mama alikuwa anakata kayaba hapo kila mwaka ndio ipite iende zake mtoni, na alipofariki nikaendelea mimi. Hata hivyo Januari hakupanda nyanya. Alikuwa anasema pengo linapunguza, halimalizi. Alikuwa anangoja mvua ya Machi, baridi ikiisha."

"Mama alikuambia wewe?"

"Nilikuwa nachunga hapa. Alikuwa ananionyesha na moshi."

Chelimo alifuta uso kwa kanga. "Na wewe ungeniambia, Aron! Ndugu yangu wa tumbo moja!"

"Nilianza," alisema Aron.

Chelimo aliinuka, akaelekea pengoni. 

Siku ile ile aling'oa nailoni yote. Usiku mwingine wa baridi ulikuja, na mwingine, lakini ile mistari minne ilipona. Aliitunza kama mgonjwa anayerudishiwa roho, na mwezi wa Machi, wakati majirani ndio kwanza wanapeleka miche yao shambani, yeye alichuma nyanya zake. Zilikuwa nzuri, kubwa na nyekundu. Zilibebwa na Kemuma peke yake, kwa kichwa, safari chache tu, zikaisha.

Jumamosi ya Pasaka Mzee Kimeli alishuka bondeni na sorveya. Aron alikuwepo, na Chelimo, na Kemuma aliyejileta mwenyewe.  Mzee alimwonyesha sorveya mashina ya mistari minne, yaliyokuwa bado yamefungwa kwenye vijiti, na akasema alama ziwekwe hapa, hapa, kule na kule. Kamba ilinyoshwa. Sorveya alipima, akapima tena, akamtazama mzee kuona kama anafanya mzaha.

"Mzee, hii ni nyembamba sana. Hata nyumba haiwezi kukaa hapa."

"Andika tu. Nilisema kila mahali atavuna."

"Na jina?"

"Chelimo. Andika vizuri, usikosee."

Alikuwa binti wa kwanza katika ukoo huo kuandikiwa ardhi. Kulingana na kamba, ardhi yenyewe ilikuwa na upana wa ng'ombe mmoja na nafasi kidogo ya kugeuka.

Chelimo alikuwa na hoja. Wote walizitarajia, hata sorveya alianza kukunja kamba haraka ili zisimkute. Angeweza kusema kwamba baridi ni kazi ya Mungu, au kwamba mwaka mmoja si kipimo, au kwamba Aron hakulima hata tuta moja lakini anapata robo tatu ya ekari isipokuwa ukanda. Hoja hizo zilimjia zote kwa pamoja, zimejipanga, kila moja na sababu yake. Alizitazama, akaziacha zipite, kama baridi inayotokea pengoni.

"Aron," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hii yangu, mama alikuwa anapanda lini? Tarehe ngapi?"

Aron alitazama mbingu kwanza. "Hakuwa na tarehe. Ngoja mvua inyeshe wiki mbili, halafu uje asubuhi na mapema bila viatu. Ukiweza kusimama hapo chini mpaka uhesabu mia, panda. Ukishindwa, rudi nyumbani."

"Leo je?"

"Kesho ni Jumapili. Jaribu Jumatatu asubuhi."

Jumatatu ya Pasaka, Chelimo alivua viatu akasimama kwenye ukanda wake, uso umeelekea juu mlimani, akahesabu. Nyuma yake Aron alikuwa ameinama kwenye ua akikata machipukizi ya kayaba yaliyokuwa yameanza kuota pengoni, kabla ya kuchimba shimo hata moja la mti wake. Alipofika mia, Chelimo alikwenda kuleta miche.

Watu wa bonde lile wameupa ukanda huo jina: Shamba la Mtamba. Wakipita na wageni huwaonyesha mistari minne ya nyanya iliyobanwa na mikaratusi huku na huku, na wageni wakiuliza ni nani aliyepima shamba la namna hiyo, huambiwa kwamba lilipimwa na ng'ombe ambaye hakuwahi kwenda shule, baada ya msomi kulifunga pengo ambalo mama yake alitumia maisha yake yote kuliacha wazi. Hakika, akili nyingi huondoa maarifa.